Koti la Mwalimu na Msumari wa Kwanza

Mbunge akichaguliwa leo, usimpime leo. Mpe hongera, mpe kiti, mwambie arudi baada ya miezi mitatu. Ukimpima wiki ya kwanza utakuwa umempima mtu aliyetoka kuzunguka mashinani bila kulala, shingo imekonda hadi kola inacheza. Baada ya miezi mitatu mtu huyo hayuko. Anakuja mwingine mwenye jina lilelile na mashavu mapya. Kama ni lazima umshonee mapema, mfichie inchi mbili za kitambaa ndani ya mshono wa mgongo na inchi mbili kiunoni. Atarudi akilalamika kwamba suti imeingia maji ikanywea. Usibishane naye. Sema ndiyo mheshimiwa, vitambaa vya siku hizi ni vya ovyo. Kisha fungua mshono, achilia zile inchi mbili, piga pasi, aende zake akifurahi. Nimewafanyia hivyo watu wanaotunga sheria za nchi hii, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Mimi ni Njoroge, fundi wa nguo, sasa nimestaafu. Mkufunzi wenu hapa chuo cha ufundi Waithaka aliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi. Niliacha shule darasa la tatu. Kuandika nilijifunza kwa kuandika vipimo vya watu, kwa hiyo mkiona naruka huku na huku, mnivumilie. Sindano imenijengea nyumba ya mawe na imesomesha watoto wanne, mmoja ni daktari wa mifugo. Hayo nayasema kwa sababu ni ya kweli na sioni haya kuyasema. Lakini kuna koti moja nataka kuwaeleza, na hilo sijawahi kumweleza mtu isipokuwa mke wangu. Nitalifikia.

Kibanda changu kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, katikati ya mji. Kutoka pale hadi Bunge ni dakika kumi na mbili kwa miguu kama huna tumbo. Miaka ile ya elfu mbili wabunge walikuwa bado wanashonewa. Siku hizi wanashuka na suti kwenye ndege, na wengine wananunua zilizokwisha kushonwa, mkono mrefu kuliko kidole. Mimi nikiwaona kwenye televisheni naangalia mabega kwanza, maneno baadaye. Nyinyi nawaona mnapima mtu kwa kumpiga picha na simu. Sawa. Lakini simu haitakuambia kwamba mteja amevuta tumbo ndani. Mpime huku unamuuliza habari za watoto. Akianza kujibu, tumbo linarudi mahali pake, na hapo ndipo unasoma futi.

Mfuko wa ndani wa mbunge usiutie bitana laini. Anajaza makaratasi humo na utachanika kabla ya mwezi kwisha. Mimi niliutia kitambaa cha godoro, kile cha mistari. Hakionekani na hakichaniki.

Na msisahau mlango. Pale Bunge mtu haingii ukumbini alivyoamka. Koti, shati la mikono mirefu, tai, viatu, soksi. Mlangoni kuna askari wa Bunge, watu wapole sana, lakini macho yao yanakupima kuliko yangu. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja kijana, ametoka kusoma ng'ambo, akaniletea picha ya koti lisilo na kola, limefungwa vifungo hadi kooni.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hii utavaa kwa harusi. Kule hawataki shingo bila tai."

"Fundi, wewe shona. Sheria tunatunga sisi."

Nikashona. Siku ya pili alipanda ngazi zangu mbilimbili, amefura. "Nimerudishwa mlangoni kama mtoto wa shule! Weka kola!"

"Kwani sheria hamtungi nyinyi?"

Nilidhani atanizaba kofi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kola nikamwekea.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Lalji, Mhindi mmoja mfupi ambaye kibanda kile kilikuwa chake kabla yangu. Nilienda kwake nikijiita fundi, kwa sababu nilikuwa nimeshona sare za shule mbili tatu hapa Waithaka. Koti langu la kwanza kwake lilikuwa la mistari. Nilikata vipande vyote viwili vya mbele bila kulinganisha mistari, nikaunga mifuko, nikapiga pasi, nikamletea nikitabasamu. Alilitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wewe Joroge. Hii mistari nakwenda Kisumu. Hii ingine nakwenda Mombasa. Mtu ya ndani nakwenda wapi?"

Hakunifukuza. Alikata kitambaa kipya kwa hasara yake, na lile koti bovu akaniamuru nilivae wiki nzima, kazini na njiani. Watu walinitazama. Mke wangu Nyambura aliniuliza kama nimejiunga na sarakasi. Tangu wiki ile sijawahi kukata mistari bila kuiunga kwa pini kwanza, na nyinyi mkikata bila pini nitajua.

Sasa sikieni hili la misumari, maana ndilo lililonileta hapa.

Ukutani, karibu na cherehani yake, Mzee Lalji alikuwa amepigilia misumari saba kwa mstari. Kila nguo iliyoingia kwa kutengenezwa ilitundikwa kwenye msumari wake, na sisi mafundi tulianza na msumari wa kwanza, ule ulio karibu na mkono, tukaenda hadi wa saba. Nilipofika nilidhani wa kwanza ni wa aliyekuja kwanza. Baadaye nikadhani ni wa aliyelipa vizuri. Siku moja nikaona anachukua koti kuukuu la karani wa posta, limeletwa dakika ile, analitundika wa kwanza. Suti ya mwenye hoteli, iliyokuwa pale tangu Jumatatu, akaisukuma wa pili.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu iko na koti kumi nangoja," akasema. "Yeye navaa ingine. Mtu iko na koti moja nakuja kwanza. Wewe nashika koti yake, wewe nashika yeye mwenyewe. Naelewa?"

Nikasema naelewa. Nguo ikishapanda msumari wa kwanza haishuki mpaka iishe. Ndiyo sheria pekee aliyokuwa nayo. Mengine yote alikuwa mtu wa kupatana. Alipozeeka akaenda kwa watoto wake ng'ambo, akaniachia kibanda, na siku ya kuondoka hakuniambia chunga mashine. Alinionyesha ukuta kwa kidole.

Katika wateja wangu wa Bunge kulikuwa na mmoja tuliyemwita Mwalimu. Jina lake sitaliandika. Alikuwa amefundisha shule za msingi huko magharibi mwa nchi karibu maisha yake yote, kisha chama chake kikamteua kuwa mbunge. Hakupigiwa kura na mtu, na hakujidai. Alipanga nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya watu pale Muthangari, na alikuwa na koti moja la kijivu, lilelile alilokuwa akifundishia. Mshahara ule mliosikia wabunge wanapata, wake ulikwenda kwa watoto wa ndugu zake wawili marehemu. "Akimaliza shule yule wa mwisho, fundi," alikuwa akiniambia, "nitakuja unishonee la pili." Ukimpima alisimama wima, mikono nyuma, anatazama mbele kama yuko gwaride la asubuhi.

Siku moja alikuja nimtilie mfuko wa ndani, kile kitambaa cha godoro. Akaketi kwenye benchi kungoja.

"Uko kimya leo, Njoroge."

"Mambo ya nyumbani tu, mheshimiwa."

"Sema. Mimi nimezoea kusikiliza watoto arobaini wakiongea pamoja."

Nikamweleza kuhusu kiwanja. Nyinyi wengi hamkukiona. Hapa Waithaka kulikuwa na kiwanja wazi ambapo kina mama waliuza viazi, maharagwe na sukuma wiki. Nyambura wangu alikuwa na nafasi yake pale, magunia mawili na kigoda, tangu mtoto wetu wa kwanza, Wairimu, akiwa mgongoni. Sisi sote tulijua ni kiwanja cha umma. Kisha wakaja watu na kamba, wakasimika vigingi, wakasema kimeuzwa. Kimeuzwa na nani, kwa nani, hakuna aliyejibu.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kwa mbunge wa kwetu. Sikuwa na vipimo vyake. Nilikwenda kwa yule niliyekuwa nimemshika mabega.

Mwalimu akaniuliza maswali kama mtihani. Kina mama ni wangapi? Wako pale tangu lini? Vigingi vilisimikwa siku gani? Alichukua chaki yangu akaandika yote kwenye karatasi ya kukatia, kwa mwandiko wa ubaoni.

"Nitamuuliza Waziri," akasema. "Mbele ya watu wote. Kiwanja hiki ni cha nani. Akishajibu kwamba ni cha umma, linaandikwa jibu lake, na hapo hakuna mtu wa kupeleka mawe ya kujengea."

Swali la Bunge si kama swali la barabarani. Linapelekwa, linakubaliwa, linachapishwa kwenye karatasi ya siku, na Waziri anajua ataulizwa lini. Ilichukua majuma kadhaa. Likapangiwa Alhamisi alasiri, kikao cha saa nane na nusu, na lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Mwalimu akanieleza utaratibu: Spika anaita jina lako. Kama hauko, anaita mara ya pili. Kama bado hauko, swali limetupwa, wanaendelea na mengine.

"Utakuwa pale?" nikamuuliza kwa mzaha.

"Mimi? Miaka thelathini sijachelewa kengele."

Nilirudi Waithaka kifua mbele. Niliwaambia kina mama pale kiwanjani, Alhamisi swali letu linaulizwa Bunge, na ni mimi nimelipeleka. Waliniita Mheshimiwa wiki nzima. Nilipenda.

Jumatano jioni Mwalimu akapanda ngazi, mkono mmoja umeshika bega. Alikuwa amesimama na kuketi, kusimama na kuketi, akitafuta kuonekana na Spika apewe nafasi ya kusema, na mshono wa bega ukaachia. Mkono wa koti ulikuwa unaning'inia, na bitana kwapani imepasuka.

"Kesho ndiyo ile siku, fundi."

"Najua. Nani anajua kama si mimi? Njoo saa nne asubuhi."

Akavua koti, akavaa sweta aliyokuwa nayo kwenye mfuko wa karatasi, akashuka. Nikalitundika msumari wa kwanza. Hiyo nilifanya. Lilikuwa pale, karibu na mkono wangu, kazi ya kwanza ya Alhamisi.

Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla sijatia uzi kwenye sindano, akaingia msaidizi wa mkubwa mmoja wa Serikali. Mkubwa huyo nilikuwa sijawahi kumshonea. Kijana alikuwa amebeba suruali nne na makoti mawili kwenye mikono kama mtu anayebeba mgonjwa.

"Mkubwa anasafiri kesho. Hizi zote zilegezwe. Zifike nyumbani kwake Spring Valley leo saa kumi na moja."

"Bosi, niko na kazi ya mtu hapa, nikimaliza..."

"Ni ya nani?"

Nikamwambia. Akacheka kidogo, kwa pua.

"Yule wa koti moja? Fundi, wacha mchezo. Unajua nani amenituma? Ukimpendeza huyu, utashonea nusu ya Baraza la Mawaziri. Amesema anataka kukuona wewe mwenyewe."

Nusu ya Baraza la Mawaziri. Nilishaona kibao kikubwa chenye jina langu, nikaona mafundi sita. Nikashika koti la Mwalimu. Nilitazama ukuta, nakumbuka niliutazama. Kisha nikalipeleka msumari wa saba, kule mwisho karibu na dirisha, na suti za mkubwa nikazitundika kuanzia wa kwanza. Nilijiambia nitaanza na suruali moja tu, kisha nirudi kwa koti. Kila fundi amejiambia hivyo. Ndiyo sababu nchi nzima inatuita waongo.

Saa nne Mwalimu hakuja, alituma neno kwamba ana mkutano wa kamati na atafika saa sita; wale kule vyumba vya kamati hawakumsumbua kuhusu sweta. Nikashukuru. Alikuja saa sita juu ya alama.

"Bado kidogo, mheshimiwa. Dakika chache."

Akavua sweta, akaketi kwenye benchi na shati lake na tai. Akatoa karatasi ya siku, akawa anasoma swali lake polepole, midomo inacheza, anaweka alama kwa penseli. Saa saba. Niliunguza kiuno cha suruali ya tatu kidogo kwa haraka, nikaanza kukisafisha. Mwalimu akatazama ukutani, msumari kwa msumari, hadi akaliona koti lake liko wapi. Akarudi kwenye karatasi yake. Alikuwa mteja wangu wa muda mrefu, nilishamweleza habari ya misumari nikijisifia. Aliijua.

Saa nane na robo akasimama. "Njoroge."

"Ndiyo mheshimiwa, hili hapa."

Nikalitoa. Sikulipeleka kwenye mashine. Kwenye mashine kulikuwa na suruali ya mkubwa, nusu imeshonwa. Nikaushikiza mkono wa koti kwa uzi mweupe, ule uzi wa kushikizia tu kabla ya kushona, ambao hata ukiuvuta kwa meno ya mbele unakatika. Bitana ya kwapani nikaishikiza kwa uzi uleule. Nikapiga pasi juu, nikamvalisha, nikampangusa mabega.

"Safi kabisa," nikasema.

Akashuka mbio. Mzee yule, mbio.

Saa tisa na dakika kadhaa nikasikia viatu kwenye ngazi. Aliingia akihema, jasho limemshika, ameshika mkono wa koti mkononi kama kitu kilichoanguka njiani. Uzi ulikuwa umekatika pale alipopanda ngazi za Bunge.

"Askari amenirudisha," akasema. "Kwa heshima. Hata ameniona huruma. Amesema, mheshimiwa, samahani, mkono."

Nikaiondoa suruali ya mkubwa. Nikaweka koti chini ya sindano, uzi wa kijivu, nikashona bega kama inavyopaswa, mara mbili, nikafunga. Kisha nikatazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Kazi yote ilikuwa ya dakika kumi tangu jana yake.

Akaondoka tena. Mimi nikamaliza nguo za mkubwa. Nilikuwa nimeahidi, si ndiyo? Saa kumi na moja nilikuwa Spring Valley, nimevaa suti yangu nzuri, tayari kuonwa mimi mwenyewe. Mlinzi akafungua kidirisha kwenye lango, kidogo tu, cha kupitisha bahasha. Akanyoosha mkono, akavuta zile nguo moja moja.

"Mkubwa alisema anataka kuniona," nikasema.

"Alisafiri asubuhi," akasema mlinzi. Kidirisha kikafungwa. Mbwa wakabweka kwa ndani. Nikabaki nikitazama rangi ya lango, kijani. Nusu ya Baraza la Mawaziri ilikuwa ni hiyo.

Niliporudi mjini kufunga kibanda, Mwalimu alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Waliniita mara mbili," akasema.

"Pole, mheshimiwa. Si utauliza tena?"

"Nitajaribu. Lazima lianze safari upya." Akaikunja karatasi ya siku. "Na wiki ijayo Bunge linakwenda likizo."

Afadhali angenitukana. Alinipa mkono, akaenda zake.

Bunge liliporudi, ukuta ulikuwa umesimama. Ule ule mnaoupita mkija darasani, wenye vipande vya chupa juu. Mtu mwenye kiwanja alikuwa na karatasi yake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa sauti kubwa mahali panapoandikwa majibu. Labda hata lingeulizwa, ukuta ungejengwa. Sijui. Hilo ndilo linalonikera, kwamba sitajua kamwe.

Kina mama wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Wakataka yule mbunge wa Njoroge aje ajieleze. Mwalimu hakuwa na lazima ya kuja, hakuna kura yao hata moja aliyoihitaji. Alikuja. Alivaa koti la kijivu. Mimi nilikaa mstari wa mbele, suti ya rangi ya samawati, miguu nimeipanga vizuri.

"Tunaambiwa uliitwa, ukawa hauko!" mama mmoja akamwanza. "Ulikuwa unakula mbuzi wapi?"

"Sikuwa nakula, mama."

"Si unaitwa Mwalimu wewe? Mwalimu gani anachelewa kuingia darasani? Mtoto akichelewa si unamchapa?"

"Mlete hapa tumchape!" mwingine akapaza sauti, na watu wakacheka, kicheko kile kibaya.

Mwalimu alingoja wanyamaze. Alijua kungoja.

"Ni kweli," akasema. "Nilichelewa. Makosa ni yangu, na nawaomba msamaha."

Hapo alikuwa na nafasi. Angenyoosha kidole tu. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake. Hakunitazama hata mara moja, alitazama kina mama, na mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Tukaenda nyumbani, Nyambura mbele, mimi nyuma. Tulipofika karibu na lango akasimama.

"Baba Wairimu."

"Ee."

"Lile koti ulilishona lini?"

"Koti gani?"

"Usinifanye mjinga. Alipoinua mkono nimeona uzi mweupe kwenye bitana ya kwapani. Nimekushonea vitundu vya vifungo miaka ishirini kwa mkono huu, uzi wako naujua. Hakuna fundi mwingine anashikiza kwa mishono mirefu hivyo."

Nikamweleza, pale pale njiani. Misumari, mkubwa, suruali, benchi. Alisikiliza yote akiwa ameshika lango.

"Na umekaa pale mbele," akasema, "ukamwacha atukanwe."

"Nilikuwa nataka kusema..."

"Jumapili utasimama kanisani. Wote watakuwa pale. Utasema."

"Nitasema."

Jumapili, wakati wa matangazo, Nyambura akanigusa kwa kiwiko. Nikasimama. Nikasema Bwana asifiwe, wakajibu asifiwe. Niliona nyuso zote za wale kina mama. Kisha nikajisikia nikisema kwamba, kwa kuguswa moyoni, nitaishonea kwaya majoho mapya bila malipo. Kanisa likapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Nyambura hakupiga makofi. Alikuwa ameweka mikono yake kwenye mapaja, moja juu ya nyingine, na hakuiondoa.

Majoho niliyashona, ishirini na nne, ya rangi ya zambarau. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Siwezi kuyatazama.

Tangu siku ile Nyambura hakunishonea tena kitundu cha kifungo hata kimoja. Hakununa, hakunigombeza, chakula alipika, aliuliza habari za mji. Lakini nilipoleta makoti nyumbani jioni, aliyaacha kwenye kiti. Nilijifunza kuvishona mwenyewe, na vyangu havijawahi kuwa vizuri kama vyake. Yeye aliuza viazi vyake kando ya barabara, akihama huku na kule, gunia kichwani, hadi magoti yakakataa. Siri yangu hakumwambia mtu. Sasa anakaa ndani, na kwa dirisha la jikoni anaona ule ukuta.

Chama kilipoteua watu tena, Mwalimu hakuwemo. Niliposikia, nilichukua sindano na uzi wa kijivu nikaenda Muthangari, nikitaka nimalize ile bitana. Hiyo tu. Niliikuta nyumba ina wapangaji wengine. Walisema alirudi kwao na sanduku moja. Kwa hiyo mahali fulani kule magharibi kuna mzee anavaa koti lenye uzi wangu mweupe ndani, kama halijaisha.

Mkufunzi wenu alitaka niwaandikie siri za kazi. Nimewapa: inchi mbili, kitambaa cha godoro, pini kwenye mistari, na misumari saba. Misumari pigilieni. Lakini jueni kwamba mimi niliipokea kutoka kwa mkono wa mwenyewe, nikaikariri kama sala, na siku moja tu ilipohitajika, nilihamisha koti.

Hii nimemsomea Nyambura kwanza, kabla ya kuwaletea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa wapelekee."

Kati yenu hapa kuna watoto wa wale kina mama, nyuso zenu nazijua. Mama zenu wakiupita ukuta ule bado wanasema kuna mwalimu mmoja mbunge aliwauza. Leo mkifika nyumbani, kabla hamjakula, waambieni hivi kutoka kwangu: Mwalimu hakuchelewa. Alifika saa sita juu ya alama, akaketi kwenye benchi langu na shati lake, akangoja. Koti lake ndilo lilikuwa kwenye msumari wa saba, na aliyelitundika huko ni mimi.